Muziki unaopigwa na wapita njia: redio kaseti mitaani New York, na kwetu ingekuwaje?

Fundi_wa_Ngamiani (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Najua muziki ukitajwa humu watu wanawaza Bongo Fleva na singeli. Leo naleta kitu cha pembeni kidogo.

Huku New York kila Desemba watu hukusanyika jioni Washington Square Park, chini ya lile tao la mawe lililopo mwanzo wa Fifth Avenue. Kila mmoja na chombo chake. Wapo wenye redio kaseti kubwa za kubeba begani, wapo wenye spika za blututhi, wengine wana simu tu. Ikitolewa ishara wanabonyeza wote kwa pamoja, kisha wanaelekea mashariki hadi Tompkins Square Park. Ni mwendo mfupi, kilomita moja na nusu na ushee, ila unachukua dakika 45 kwa sababu umati ule hautembei, unajikokota.

Kazi hii inaitwa Unsilent Night, na mtunzi wake ni Phil Kline. Aliianza mwaka 1992. Yeye alikulia Ohio, na huko Krismasi ikikaribia watu hupita nyumba kwa nyumba wakiimba. Akataka kitu cha namna hiyo ambacho hata asiyejua kuimba anaweza kuingia. Akatunga kengele, sauti za kwaya na milio mirefu inayovutwa, akagawa katika mikanda minne tofauti. Kila anayekuja anapewa mmoja tu kati ya hiyo minne. Hakuna aliyebeba wimbo mzima. Kushiriki ni bure, na siku hizi kuna programu ya simu kwa wasio na kaseti.

Sasa niwaambie kilichonivuta mimi, maana kabla ya kuvuka maji nilikuwa fundi redio Tanga. Dakika 45 ni upande mmoja wa kaseti ya tisini. Mkanda unatakiwa upite kwenye kichwa kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Unatakiwa! Aliyewahi kufungua redio kaseti anajua hakuna mbili zinazokwenda sawa. Belti imelegea, kigurudumu cha mpira kimekauka, betri zimechoka, na ile skrubu ya kurekebisha mwendo wa mota fundi wa mwisho aliizungusha kwa kukisia. Redio ikienda mbio kwa asilimia moja tu, mpaka upande uishe itakuwa imewaacha wenzake kwa sekunde 27, na sauti yake imepanda karibu sehemu ya sita ya nusu toni.

Zikiwa redio mbili, hiyo ni kero, unatamani kuzima moja. Zikiwa mia moja ni habari nyingine kabisa. Kosa la kila moja linamezwa na za wenzake, na kengele iliyogongwa mara moja studio inalia mtaani kutoka kila upande, inaanza kabla haijaanza na kuisha baada ya kuisha. Kline aliyajua haya, alikuwa tayari ametunga kazi za redio nyingi kwa pamoja. Ubovu wa vyombo ameuweka ndani ya hesabu.

Halafu kuna umbali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Umati ukijipanga urefu wa mita 170, wa mkiani anawasikia wa mbele kwa kuchelewa nusu sekunde, hata kama redio zote zinakwenda sawa. Na mtaa wenyewe una sauti yake. Mkiwa kwenye njia nyembamba yenye majengo ya matofali pande zote mbili, muziki unajaa mpaka juu. Mkitokeza kwenye barabara pana kama Bowery unatawanyika ghafla, unabaki unasikia redio yako na ya jirani. Nimewahi kwenda mbele, nikarudi katikati, nikavuka upande wa pili nikawaangalia wakipita. Ni kama kusikiliza nyimbo tatu.

Hoja yangu ni hii. Huu ni muziki ambao ukiwapa wanamuziki hodari waupige sawasawa, unakufa. Unataka vyombo vibovu na watu wa kawaida. Kuna kitu cha namna hii kwetu? Kinaweza kufanyika? Karibuni.

Nyota_ya_Mrima

Nakaa hapa mbele kabisa.

Chuma_cha_Pua

Kwa hiyo watu wazima wanabeba redio kwenye baridi, wanatembea, wanazima, wanarudi makwao. Mkuu, hayo ni matembezi ya hisani yaliyokosa hisani.

Huku NEMC, baraza la mazingira, wanahangaika na mabaa na vipaza sauti, watu hawalali, na wewe unataka tuongeze redio mia barabarani tuite sanaa. Kelele ni kelele tu, hata ikitoka Marekani.

Fundi_wa_Ngamiani

Chuma, hoja ya kelele naichukua, ila hujaisikia hiyo kazi. Sio disko. Hakuna mdundo, hakuna besi ya kutikisa madirisha. Redio moja moja haina nguvu, na umati unapita: ukiwa ndani kwako unaisikia ikija, inakuwepo dakika chache, inakwenda. Baa ya jirani haiondoki.

Mjukuu_wa_Beni

Assalaam aleikum. Kaka Fundi, umeeleza vizuri, lakini umekwenda mbali kutafuta kilichopo nyumbani kwenu. Beni je?

Tangu miaka ya 1890 huko pwani ya Kenya watu wameshika tarumbeta na ngoma wakipita njiani kwa gwaride, kuiga bendi za jeshi na kuzicheza shere kwa wakati mmoja. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilikuwa vimeenea miji mingi ya Tanganyika, na sare zao, na vyeo vyao, na ushindani wa kuumizana. Tanga yenu hiyo mnadhani ilisalimika?

Hapa Unguja beni lipo mpaka leo, harusini. Tarumbeta mbili tatu, ngoma, basi. Wapigaji ni wachache, lakini sauti si yao peke yao. Wanawake wanaitikia, vigelegele vinapanda, huyu kashika chupa na kijiko, mtoto katoka na mfuniko wa sufuria ya mama yake. Likiingia kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, kile ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, watu kumi wanasikika kama jeshi. Hayo mambo ya sauti kugonga kuta unayotuhadithia, sisi tunazaliwa nayo. Na Lamu wana zefe la Maulidi, matari na kaswida mji mzima. Hatukungoja kaseti.

Fundi_wa_Ngamiani

Waaleikum salaam. Beni nalijua, na nakubali ni muziki wa njiani wenye kushirikisha. Ila naona tofauti. Beni lina mdundo. Yule mtoto wa mfuniko lazima aukamate, akiukosa atatazamwa, akizidi atanyang'anywa mfuniko. Na bendi inaujua wimbo wote, umati unafuata. Kwa Kline hakuna mdundo wa kuukosa, kwa hiyo hakuna wa kutazamwa vibaya, na hakuna bendi.

Mjukuu_wa_Beni

Hakuna bendi, lakini yupo mtunzi, na kila sauti keshaifungia ndani ya mkanda. Mwenye redio kazi yake kubonyeza na kubeba. Huyu mtoto wangu wa mfuniko anapiga anachotaka yeye, vibaya au vizuri. Sasa baina ya hao wawili, nani anashiriki na nani hamali?

Nyota_ya_Mrima

Hahaha, hamali! Fundi jibu hilo kwanza usikimbie.

Fundi_wa_Ngamiani

Hapo umenibana, sheikh. Nitajibu kwa sehemu.

Anachoamua mwenye redio ni kidogo: akae karibu na nani, aelekeze spika ukutani au juu, achelewe au atangulie. Lakini kidogo hicho kikizidishwa kwa mia ndicho kinachosikika. Nimewaona watu wenye mikanda tofauti wakitafutana makusudi katikati ya barabara kwa sababu pamoja wanasikika vizuri, halafu wanaachana. Hawajuani, hawajasalimiana. Kama huo ni uhamali, basi ni hamali anayechagua njia.

Ila kama unauliza ni kazi gani ya mtaani inayompa mtu sauti mkononi kabisa, hiyo si Unsilent Night. Kuna anayejua nyingine?

Bahati_wa_Uvira

Habari zenu wote. Mimi niko Montréal, na hapa imewahi kuwekwa moja kama hiyo unayoulizia. Inaitwa 21 Balançoires. Ni bembea 21 zilizowekwa mstari mmoja kwenye Promenade des Artistes, mwaka 2011, na studio inayoitwa Daily tous les jours. Walioianzisha ni wanawake wawili, Mouna Andraos na Melissa Mongiat.

Ukibembea peke yako bembea yako inatoa noti zake, piano ama gitaa ama kinubi kulingana na rangi ya kiti. Tamu lakini inachosha haraka. Mwenzako wa pembeni akibembea kwa mwendo mmoja na wewe, hapo noti zinaungana na kuna melodia inatoka ambayo haitoki ukiwa peke yako. Hutaipata hata ukibembea kwa nguvu namna gani. Walishirikiana na mtaalamu wa tabia za wanyama, Luc-Alain Giraldeau, kwa sababu ya hilo swali la lini viumbe wanaona faida ya kufanya pamoja.

Nilichokiona kwa macho yangu: baba mmoja wa suti, mkoba kati ya miguu, pembeni yake binti wa shule asiyemjua. Binti anamwambia "polepole, polepole, nisubiri". Baba anavuta miguu kupunguza. Hakuna kibao kinachosema mfanye hivyo. Masikio tu.

Kwa hiyo Mjukuu ana haki, kuna ushiriki wa kubeba na kuna ushiriki wa kuamua. Bembea ni wa pili. Lakini ni mali, ni umeme, ni vitambuzi ndani ya vyuma, na baridi ikija zilifungwa. Redio ya mtu haingoji bajeti ya mji.

Chuma_cha_Pua

Bembea ziwekwe Mbagala uone kama zitafika wiki. Vitambuzi vitauzwa kwa kilo.

Mkaazi_Leeds

Chuma una nini na Watanzania wenzako?

Hapa Uingereza kuna Luke Jerram, msanii wa Bristol. Mwaka 2008 aliweka piano 15 mitaani Birmingham zimeandikwa kwamba ni zako, piga. Wazo lilimjia akiwa kwa dobi, kwenye yale maduka ya mashine za kufulia: kila wikiendi anakutana na watu wale wale, wanakaa wanatazama nguo zikizunguka, hakuna anayemsemesha mwenzake. Akaona wanakosa kisingizio tu. Zile piano zimeshakwenda miji mingi sana duniani tangu hapo.

Wizi na uharibifu upo na Ulaya pia, usifikiri huku wamezaliwa malaika. Wanachofanya ni kuwa na mtu wa jirani, mwenye duka au mlinzi, anayeifunika mvua ikinyesha. Piano yenye mwenyeji haiguswi.

Chuma_cha_Pua

Sawa, hilo la mwenyeji nalipokea. Piano siipokei.

Mwalimu_Zamani

Naona mnajadili ushirikishwaji kana kwamba ukubwa wa umati ndio kipimo. Naomba niongeze mfano wa kutisha kidogo.

Baku, tarehe 7 Novemba 1922. Mapinduzi ya Urusi yanatimiza miaka mitano. Mtunzi Arseny Avraamov anaugeuza mji mzima kuwa chombo cha muziki: honi za meli za kivita za Bahari ya Kaspi, ving'ora vya viwanda, mizinga, ndege, kwaya za umati, na mtambo wa mabomba ya mvuke alioutengeneza mwenyewe wa kupigia melodia. Ishara zilitolewa kwa bendera kutoka juu, mji mzima unafuata. Mwaka uliofuata akajaribu tena Moscow.

Maelfu walishiriki, sana tu. Lakini mfanyakazi aliyevuta kamba ya king'ora aliivuta kwa amri na kwa sekunde aliyopangiwa. Hakuweza kuchelewa, hakuweza kwenda kusimama na rafiki yake. Ukilinganisha na hiyo, huyu bwana wa redio ameacha mlango wazi zaidi kuliko Mjukuu anavyomhukumu. Mshiriki anaweza kukata kona akaenda zake kula, na wimbo haumkosi.

Mjukuu_wa_Beni

Mwalimu, mfano mzuri. Lakini hao wa bendera sikuwatetea mimi. Nasimama na mfuniko wangu.

Fimbo_Nyeupe

Salaam wakuu. Natumia programu inayonisomea skrini, herufi zikiruka mtanielewa. Sioni tangu utotoni. Nimeusikiliza uzi wote na nimeupenda, ila kuna mtu hamjamtaja.

Mtaa kwangu unasomeka kwa masikio. Bodaboda iliyowashwa ikiwa imesimama inatetema tofauti na inayokuja. Ukuta ukiisha, mlio wa fimbo unabadilika, najua hapo kuna uchochoro au geti lililo wazi. Mlango wa benki naujua kwa ubaridi na mngurumo wa kiyoyozi. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, hiyo ni kona yangu ya kukata kulia. Sasa likija kundi la watu mia na redio zao za kengele, vyote hivyo vinafutika kwa mpigo. Hata wakipita polepole na kwa upendo. Nitashika nguzo nisimame mpaka waishe.

Sisemi msifanye. Nauliza kama huyo mtunzi, na ninyi mnaopanga kuiga, mnajua kwamba sauti ya mtaa tayari ina watumiaji.

Fundi_wa_Ngamiani

Fimbo, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa, na "haina besi" haitoshi kuijibu. Kwa New York njia na saa hutangazwa mapema, anayetaka kuikwepa anaweza. Huko kwetu lingekuwa sharti la kwanza.

Ila nikutajie kazi nyingine ambazo huenda zikakufaa, kwa sababu zinakwenda upande wako kabisa.

Kuna Max Neuhaus. Alikuwa mpiga ngoma za kitaalamu wa kumbi kubwa, kisha mwaka 1966 akaanza kuwachukua wasikilizaji na kuwapitisha mitaani New York. Aliwagongea muhuri mkononi unaosema sikiliza, akatangulia kimya, wao wakamfuata kupita mitambo ya umeme na barabara. Hakupiga kitu. Walichokuja kukisikia ni mji wao.

Huyo huyo mwaka 1977 akaweka sauti chini ya grili ya kutolea hewa ya treni za chini ya ardhi, Broadway kati ya mtaa wa 45 na 46, pale Times Square. Ni mvumo mzito kama kengele kubwa iliyokwisha kugongwa ukasikia mabaki yake. Hakuna kibao. Maelfu wanapita juu yake kila siku wakidhani ni mashine. Ilizimwa 1992, mwaka ule ule Kline alipoanza na redio zake upande wa chini wa kisiwa hicho hicho, ikawashwa tena 2002 na ipo hadi sasa.

Na kuna Mjapani, Akio Suzuki. Mwaka 1996 Berlin alichora ardhini alama inayochanganya umbo la nyayo na sikio, sehemu alizozichagua mwenyewe mjini. Unasimama juu ya alama, unasikiliza kinachofika hapo. Basi. Mwangwi wa daraja, maji, ua wa jengo.

Fimbo_Nyeupe

Ya chini ya grili naichukua moja kwa moja. Sauti isiyohama ni alama ya njia. Wakiniwekea moja kama hiyo pale ninapovukia barabara, ambapo sasa hivi naokoteza msaada wa wapita njia, nitaiita sanaa na nitaiita haki yangu pia.

Ya Mjapani, mimi ni ile alama. Nasimama hivyo kila siku.

NjiaPanda254

Wadau, Nairobi hapa. Mnasahau wale wanaoanza na kurekodi. Kuna KMRU, Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe wa muziki wa Kikuyu. Hubeba kinasa sauti akirekodi mji, na kazi zake zimetolewa na lebo kubwa za Ulaya, Peel ilitoka 2020. Pia yuko kwenye mradi wa Sound of Nairobi, hifadhi ya sauti za jiji ambapo hata wewe unaweza kusikiliza mtaa fulani ulivyokuwa. Lagos wana Emeka Ogboh, yeye amezifanyia kazi kelele za danfo, yale mabasi madogo ya kule, na makondakta wanaoita vituo. Ameziweka kwenye spika katika miji ya Ulaya ambako watu hawajawahi kuitiwa basi maishani.

Nairobi matatu zenyewe ni maonyesho ya sauti, ila ukiwa abiria hukuombwa ushiriki. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zipo tangu 2009 na manamba bado anaongeza volyumu. Kwa hivyo mimi nasema tuanze na masikio kwanza, redio baadaye.

Mama_Kontena

Jamani, nimesoma tangu juzi nikajizuia. Mimi nauza nguo za watoto Kariakoo, Mtaa wa Congo. Fundi anasema eti kuna kitu cha namna hii kwetu? Baba, njoo usimame kwangu saa nne asubuhi.

Kila meza ina kile kipaza sauti cha mkono. Unabonyeza, unaingiza sauti yako, kinarudia chenyewe mpaka jioni. Wa kushoto kwangu kinasema "mbili elfu tano, mbili elfu tano". Wa mbele "ingia ndani, kuchagua bure". Mwingine kamlipa kijana mwenye sauti nzuri amwekee na kamuziki. Hakuna kilichopangwa na mwenzake. Mara vinapishana, mara vinaanza pamoja kwa bahati, watu wanacheka. Ikifika saa tisa betri zinachoka, sauti ya yule kijana inakuwa nzito kama babu. Kila siku ni hivyo.

Sasa wewe unapita dakika 45 unaenda zako nyumbani kusimulia. Mimi nakaa humo kutwa nzima. Nikifunga biashara bado nasikia elfu tano elfu tano mpaka kitandani.

Nyota_ya_Mrima

Uzi umefika mwenyewe sasa.

Fundi_wa_Ngamiani

Mama, umenimaliza. Hiyo ya betri kuchoka na sauti kushuka ndiyo kitu chenyewe! Na hiyo ya kutwa nzima nimeisikia, inamjibu hata Chuma: aliye ndani ya sauti bila kuchagua anaumia, aliyeichagua anafurahi, na sauti inaweza kuwa ile ile.

Niulize jambo la kifundi. Hicho kipaza sauti chako kinashika sekunde ngapi?

Mama_Kontena

Changu kama sekunde kumi na kitu. Kuna vipya vinashika zaidi, na vinaingia memori kadi. Lakini wengi wetu tuna hivyo vya zamani. Kwa nini?

Fundi_wa_Ngamiani

Kwa sababu kwa Kline mikanda inaanza pamoja na inaachana polepole. Vyenu vinajirudia, hesabu yake ni nyingine. Chukua vipaza sauti vitatu. Kimoja kirudie kila sekunde 10, cha pili kila sekunde 11, cha tatu kila sekunde 13. Vikianza pamoja, havitaanza tena pamoja mpaka zipite sekunde 1,430, yaani dakika 23 na sekunde 50. Ongeza cha nne cha sekunde 7. Sasa ni sekunde 10,010. Saa mbili, dakika 46 na sekunde 50 kabla havijakutana tena. Katikati hapo kila dakika ni mpangilio mpya, na hakuna aliyetunga zaidi ya maneno mafupi manne. Betri zikichoka kila kimoja kwa wakati wake hesabu inavurugika, na hivyo ndivyo nitakavyo.

Badala ya bei, ingizeni kitu kingine. Noti moja ya kuimba, jina la mtaa, kengele ya baiskeli. Watu wavishike mkononi wazunguke navyo, wakaribiane, waachane. Mjukuu, hapo kila mtu anatia sauti yake mwenyewe, huwezi kumwita hamali.

Mjukuu_wa_Beni

Hapo nimeridhia. Lakini aje na mtu wa mfuniko.

Chuma_cha_Pua

Serikali ya mtaa mmeiambia? Mkusanyiko barabarani na vipaza sauti, mtaulizwa ni wa chama gani.

Fimbo_Nyeupe

Na mtangaze njia na saa siku kadhaa kabla, kwa redio au kwa ujumbe wa sauti, siyo kwa bango. Bango mimi nalisomaje?

Mama_Kontena

Mwenyekiti wa mtaa namfahamu, nitamwambia ni burudani ya wafanyabiashara, ambayo ni kweli. Iwe Jumapili jioni maduka yakishafungwa, siku nyingine hapapitiki hata mguu. Ujumbe wa sauti ntarekodi mimi, na Fimbo naomba nikutumie kwanza unisikilize kama unaeleweka. Vipaza sauti vinne vipo, viwili vyangu, viwili nitaazima kwa jirani. Betri kila mtu aje na zake. Na hicho cha sekunde saba nakishika mimi, vijana wetu hawa hawawezi kusema kitu kifupi.